Mapipa ya Samaki ya Rejoice Kiden

Siku ya tisa ya pipa la pili, Rejoice Kiden alichuchumaa na kuitazama chupa. Bomba jembamba la plastiki lilitoka kwenye kifuniko cha pipa na kuishia ndani ya chupa ya maji iliyofungwa kando kwa kamba. Pipa likiwa hai, bomba hutoa viputo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepumua chini ya maji. Hili lilikuwa limenyamaza tangu siku ya nne.

Alibana kifuniko upya. Akapaka udongo wa mfinyanzi pembezoni, kwa sababu alidhani hewa inavuja. Akamwaga maji ya chupa, akatia mengine. Kisha akakaa juu ya tofali na kusubiri, mikono ikinuka samaki hadi kwenye viwiko. Hakuna kilichotokea.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2008. Rejoice alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na alikuwa amerudi Juba miaka miwili nyuma na ujuzi mmoja ambao hakuna mtu mjini aliyeuomba. Alikulia kambini Adjumani, kaskazini mwa Uganda. Baadaye alipata kazi Entebbe, katika kiwanda cha kukata minofu ya sangara. Minofu ilipanda ndege. Vichwa, matumbo na mifupa vilibaki. Fundi mmoja wa pale, mwanamke aitwaye Namukasa, alikuwa akivisaga na kuvichanganya na soya iliyokamuliwa mafuta, kisha akavitia chachu ya aina tatu kwa pamoja na kuvifungia kwenye matangi. Baada ya siku kumi na mbili uozo ulikuwa umegeuka chakula cha mifugo chenye harufu ya mkate mchachu. Namukasa hakupenda kufundisha. Rejoice alijifunza kwa kumbebea ndoo miaka mitatu.

Juba alivikuta vitu vyote isipokuwa soya na matangi, akatumia mapipa. Vichwa na matumbo vilipatikana soko la Konyo Konyo, ambako samaki wa Terekeka hupasuliwa tangu alfajiri na taka zake hutupiwa mbwa. Badala ya soya alitumia mashudu ya karanga na ya simsim, yaani ufuta, kutoka kwa wakamuaji mafuta. Chachu aliitafuta mwenyewe: machicha mabichi kutoka kwa wanawake wanaopika merisa, ile pombe ya mtama; maji ya maziwa yaliyoganda kutoka kwa wafugaji wa Kimundari, na hamira ya dukani, kijiko kimoja. Vijidudu vya namna tatu, kila kimoja na kazi yake. Kimoja hula sukari, kingine huleta ukali unaozuia uozo, kingine hulainisha mashudu ili tumbo la kuku liyaweze. Ndivyo Namukasa alivyomweleza, na Rejoice alieleza vivyo hivyo kwa yeyote aliyekubali kusimama karibu na pipa.

Aliyekubali alikuwa mmoja. Chepkoech, Mkenya kutoka Bomet, alisimamia kuku mia sita wa mayai huko Gumbo, ng'ambo ya daraja, kwa niaba ya kampuni yenye hoteli za mahema kando ya Nile. Chakula cha kuku wake kilitoka Kampala kwa lori, kupitia mpaka wa Nimule, na mara mbili mwaka huo kilifika kimelowa mvua na kuota ukungu. Chepkoech alichoka nacho. Alimtengea Rejoice kuku arobaini nyuma ya wavu.

"Mimi sijali kinanuka nini," alimwambia. "Nahesabu mayai. Yakibaki vile yalivyo, mwisho wa mwezi wa sita sisaini oda ya Kampala, nachukua chako. Yakishuka, tusipotezeane wakati."

Hilo ndilo Rejoice alilolitaka. Alitaka kuku wote mia sita walishwe na yeye, ili asirudi tena Uganda kubeba ndoo za mtu mwingine.

Chakula cha pipa la kwanza kiliwafikia kuku mwezi wa nne. Mayai yalishuka kutoka thelathini na mawili kwa siku hadi kumi na tisa. Chepkoech alimpigia simu.

"Rejoice, umewalisha nini hawa? Wanakunywa maji kama wako kwa harusi. Najaza chombo asubuhi, saa nne kimekauka. Na sakafu yote ni maji. Wanahara."

"Labda ni jua, Madam."

"Jua liko kwa wale wengine pia. Wale wengine hawahari."

Rejoice aliamua kwamba kosa lilikuwa la machicha. Aliyapata yakiwa ya siku tatu. Kwa pipa la pili alikwenda kwa wapika merisa kabla jua halijachomoza, akachukua machicha yangali na moto. Pipa lilipumua vizuri siku tatu, likanyamaza. Aliliacha litimize siku zake, akaanika mchanganyiko juu ya turubai, akauchanganya na pumba na kuupeleka Gumbo. Mchanganyiko haukuwa na harufu mbaya. Ulikuwa na ukali kidogo, na ulikauka ukiwa na weupe fulani juu yake, kama vumbi. Aliudhani ni ukungu mzuri, ule ambao Namukasa aliupenda.

Kuku wawili walikufa ndani ya wiki moja.

"Nimempasua mmoja," Chepkoech alisema kwenye simu, bila kupandisha sauti. "Hana ugonjwa. Matumbo mekundu, basi. Sasa niambie, dada, wewe unajua unachofanya ama unajaribu kama sisi wengine?"

"Mimi iko najua."

"Basi mimi niko na kuku thelathini na nane. Pipa moja tena."

Kwa pipa la tatu Rejoice aliubadilisha utaratibu wote. Aliosha vichwa mara tatu. Aliondoa nyongo moja moja, kazi ya asubuhi nzima, kwa sababu alisikia nyongo ya kambare ni sumu. Alilihamisha pipa kutoka ukutani hadi chini ya kibanda cha nyasi, kwa kuwa huenda joto liliua vijidudu. Alimtuhumu mwuza molasi, ile aliyotia pipani kulisha vijidudu, kwamba anatia maji, akagombana naye mbele ya watu, na molasi ilikuwa safi. Aliandika kila kitu kwenye daftari: siku, kipimo, harufu, viputo. Daftari lilikuwa sahihi katika kila mstari. Halikumwambia lolote.

Watu wa nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mumewe Laku, anayepakua mizigo ya ndege uwanjani, na mama wa Laku. Huyo watu wote wa mtaa humwita Mama Laku, na yeye naye huitikia hilo tu. Familia hii vita viliipasua pande mbili. Rejoice alikimbilia kusini, akajifunza Kiswahili na Kiingereza. Mama Laku na mwanawe walisombwa kaskazini hadi viungani mwa Khartoum, wakakaa huko miaka kumi na tisa kwenye nyumba za udongo zilizobomolewa na serikali kila zilipozoeleka. Mama Laku aliwalea watoto wanne huko kwa kutengeneza fasikh: samaki wa chumvi, anayefungiwa kwenye chombo hadi alainike na kunuka vile wanunuzi wanavyotaka. Mkono wake ulijulikana. Watu walivuka mtaa mzima kununua kwake.

Kwa mkwe wake alikuwa mpole kupita desturi. Hakumwita mvivu, hakumlinganisha na wake wa wanawe wengine. Rejoice alipoleta pipa la kwanza, mama yule alilizunguka mara moja, akanusa, akasema kwa Kiarabu cha Juba, "Kazi nzuri, binti yangu," akarudi kukaa kwenye angareb, kitanda chake cha kamba.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita, siku ya tano ya pipa la tatu, Mama Laku alisema magoti yanamuuma, akabaki nyumbani. Kanisani padri aliitwa kwenye msiba na misa ikakatizwa. Rejoice akarudi saa moja kabla ya muda wake.

Kifuniko cha pipa kilikuwa chini, kimewekwa kwa uangalifu juu ya kitambaa safi. Mama Laku alikuwa ameinama juu ya pipa, mkono umezama hadi begani, akikoroga. Kando yake palikuwa na bakuli la chumvi ya mawe. Lilikuwa karibu tupu.

Alimwona Rejoice na hakushtuka. Aliutoa mkono, akaukung'uta, akatabasamu kama mtu aliyekutwa anampa mgeni zawadi.

"Umerudi mapema. Nilitaka nimalize kabla hujaja."

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia. Tangu lile la kwanza nakusaidia." Alichukua kitambaa, akajifuta kidole kwa kidole. "Nilionja siku ya kwanza. Hakuna chumvi kabisa! Nikasema, maskini, huyu mtoto alikulia kambini kwa unga wa msaada, nani angemwonyesha? Samaki bila chumvi ndani ya pipa anaoza, binti yangu. Mtu akila atakufa. Nikaona nikikwambia utaona haya. Basi naongeza kidogo kidogo, ukienda sokoni, ukienda kanisani."

"Kidogo?"

"Bakuli tatu kwa kila pipa. Hili la leo la nne. Pipa lenyewe kubwa."

Rejoice alilitazama bakuli. Mambo yote ya miezi miwili yalijipanga kichwani mwake bila kuombwa. Viputo vilivyonyamaza. Maji ya kuku yaliyokauka saa nne. Sakafu iliyolowa. Ule weupe juu ya turubai aliousifu kwenye daftari. Nyongo mia mbili alizozitoa kwa kucha.

Katika nyumba hii mkwe hamkosoi mama wa mume usoni. Si sheria iliyoandikwa popote. Ni jambo ambalo Rejoice aliliona kwa mama yake mwenyewe kambini, na kwa bibi yake kabla ya kambi. Lililo gumu hupitia kwa mwana au kwa wifi, kisha humfikia mama likiwa limepozwa. Na mwanamke aliyesimama mbele yake hakumkosea. Alitaka kumsitiri aibu.

"Asante, Mama," Rejoice alisema.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa chini na viatu vyake vya kanisani, akaung'ata ukosi wa gauni lake.

Laku aliporudi kutoka kazini, Rejoice alimweleza yote. Laku aliketi, akavua fulana ya kazi, akaanza kucheka, akaona uso wa mkewe akaacha.

"Mwambie mama yako," Rejoice alisema.

"Mimi?"

"Ni wewe mwanawe."

"Nimwambie chumvi yake inaua kuku? Rejoice, chumvi ile ndiyo iliyonisomesha mimi. Mpaka darasa la nane. Atalia wiki nzima." Akafikiri. "Tumsubiri dada yangu aje kutoka Yei. Wifi yako atajua kulisema."

"Anakuja lini?"

"Krismasi."

"Laku, oda imebaki wiki mbili!"

"Sasa unataka nifanye nini?" alisema Laku, na lilikuwa swali la kweli.

Pipa jipya lilihitaji siku kumi na mbili, siku tatu za kukauka, na siku za kuhesabu mayai. Mwisho wa mwezi haukutoa nafasi hiyo. Rejoice alipiga hesabu mara nne kwa njia tofauti. Kisha akafanya jambo la pekee lililobaki, akapanda bodaboda hadi Gumbo mikono mitupu.

Chepkoech alikuwa akipima mayai kwa ukubwa, akiyaweka kwenye trei. Alimsikiliza bila kusimamisha kazi.

"Ilikuwa chumvi," Rejoice alisema. "Pipa zote. Chakula yenyewe haina shida, Madam. Vijidudu haina shida. Nipe wiki tatu tu."

"Chumvi ilitoka wapi?"

Rejoice aliokota yai moja, akaliweka kwenye trei.

"Kwa samaki wa Konyo Konyo? Walikuwa wa chumvi?"

"Hapana. Walikuwa wabichi."

"Kwa mashudu?"

"Hapana."

"Basi nani aliweka?"

Angeweza kusema. Mama Laku hakumjua Chepkoech, wala Chepkoech asingevuka daraja kwenda kumsuta mwanamke mzee. Lakini Emilio, mlinzi wa lango, alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Emilio ni mtu wa mtaa wao, na angelisimulia kabla ya jua kuzama. Mama Laku angelisikia kisimani, kutoka kwa watu, kwamba mkwe wake kamtaja mbele ya wageni.

"Mimi," Rejoice alisema. "Nilikosea kipimo."

Chepkoech aliweka yai chini.

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Rejoice." Safari hii alimtazama. "Ungeniambia samaki walikuwa wabaya, ningekungoja. Ungeniambia mtu amekuibia, ningekungoja. Lakini mtu anazidisha chumvi mara tatu, kuku wanakufa, na haoni? Kuku mia sita siwezi. Pole sana."

Oda ya Kampala ilisainiwa Ijumaa ile.

Yaliyofuata Rejoice aliyafanya kwa hasira zaidi ya matumaini. Alimwendea Ajak, mwanamke wa Kidinka anayempa vichwa vya samaki sokoni, akamwomba kona ya ua wake. Ajak alitaka kujua kwa nini mtu mwenye ua wake mwenyewe anahamisha uozo kwenda kwa jirani.

"Nyumbani kuna wageni wengi," Rejoice alisema.

"Mbona siwaoni wageni wako sokoni?"

"Hawatoki. Wanakula samaki tu."

Ajak aliamua kutouliza tena, akamwonyesha kona. Pipa la tatu Rejoice alilimwaga kwenye shimo. Nyumbani alisema limepata mteja, na Mama Laku akafurahi. La nne alilijaza kwa vipimo vile vile vya daftari, bila kubadilisha hata kimoja. Vilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Lilipumua siku kumi na moja mfululizo. Ajak alilalamika kwamba vile viputo vinamkosesha usingizi wa mchana. Siku ya kumi na mbili Rejoice alifungua kifuniko, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mkate mchachu na karanga. Pipa zima, kilo mia na zaidi, na hakukuwa na hata kuku mmoja wa kulila.

Alipokikausha chakula alijaza mkebe mtupu wa maziwa ya unga, akaenda nao Gumbo. Emilio alimzuia langoni.

"Madam alisema samaki kalas. Imekwisha."

"Si samaki. Nusa."

"Nimenusa vya kutosha. Nguo ya kazi iko nanuka mpaka leo, mke wangu anauliza nalinda kuku ama mamba."

"Nusa, Emilio."

Alinusa kwa mbali, kisha kwa karibu. Akamrudishia mkebe, akaenda kumwita Madam.

Chepkoech alikuja na buti za mpira. Alimimina chakula kidogo kiganjani, akakisugua kwa kidole gumba, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Akatema pembeni. Akaonja tena.

"Haina chumvi."

"Haina."

"Hii ndiyo ulitakiwa uniletee mwezi wa nne."

"Najua."

"Lori la Kampala limeshapita Nesitu, limekaribia hapa. Dereva amepiga simu sasa hivi. Nimefunga oda ya miezi sita." Alifunga mkebe, akaushika kama hataki kuurudisha, kisha akaurudisha. "Hata ningetaka."

Rejoice hakuondoka. Alitazama juu ya bega la Chepkoech, kwenye kibanda kidogo mbali na mabanda makubwa, ambako kuku wachache wenye shingo zisizo na manyoya walikuwa wakiparua ardhi.

"Wale?"

"Wale wamezeeka. Yai moja kwa siku tatu, nne. Jumamosi wanaenda kwa supu ya wafanyakazi."

"Nipe hao."

"Wa nini? Hao hawakuonyeshi kitu. Hata ukiwalisha dhahabu."

"Ninao mkebe huu na pipa zima, Madam. Nipe wale nihesabu. Kama ni yai moja kwa siku tatu, na mimi nipate moja kwa siku mbili, nitakuletea daftari."

Chepkoech alicheka mara ya kwanza tangu wafahamiane, si kwa furaha sana. "Wewe ni mkaidi. Chukua sita. Emilio, mfungie sita. Na usiniletee daftari lenye uongo."

"Daftari halikuwa na uongo."

"Sijui lilikuwa na nini, basi."

Rejoice alirudi kwa bodaboda, kuku wamefungwa miguu, watatu kila upande, wakipiga kelele njia yote hadi ng'ambo ya daraja. Nyumbani aliwaweka kivulini, akaenda dukani kutafuta wavu. Alirudi baada ya nusu saa. Maji yalikuwa yakichemka jikoni. Mama Laku alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu kimenolewa, kuku wa kwanza amelazwa mapajani na shingo imenyooshwa.

"Mbona hukusema tuna wageni?" alisema kwa uchangamfu. "Sita! Nimeanza na huyu mzee, huyu atachelewa kuiva."

"Hapana, Mama."

Mama Laku aliinua uso. Neno hilo lilikuwa halijawahi kumtoka mkwe wake tangu aingie nyumba ile.

"Hapana nini?"

"Wasichinjwe. Hawa wana kazi."

"Kuku?"

"Wana kazi, Mama. Na chakula chao usikiguse. Usitie kitu. Hata chumvi."

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na sufuria ikaendelea kuchemka. Mama Laku alimtazama Rejoice, akalitazama bakuli la chumvi kwenye rafu ya jikoni, akamtazama kuku. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayejumlisha kitu asichopenda jawabu lake. Kisha akafungua mikono. Kuku aliruka chini, akaanguka kwa sababu ya kamba, akainuka.

"Ungesema," alisema mama yule. Aliondoka na kisu chake akaingia ndani, na hakutoka hadi Laku aliporudi.

Rejoice alizima moto. Akapiga magoti vumbini na kuanza kuwafungua kuku kamba za miguu.